Tathmini ya kitalu cha miche cha kikundi cha akina mama, upande wa Hombolo, Dodoma

Kwa anayetaka kupanda miti Dodoma na kuiona ikivuka kiangazi chake cha kwanza, kitalu hiki nakipendekeza kabla ya vingine vyote nilivyowahi kununua miche. Sababu kubwa ni mbegu. Wanakikundi hukusanya mbegu za mikwaju, migunga na mibuyu ya vijiji vyao wenyewe, tena kutoka katika miti mingi iliyotawanyika, kwa hoja kwamba mti uliohimili miaka mingi ya mvua haba huzaa miche yenye ustahimilivu huohuo, na kwamba kuchanganya wazazi ni kinga wakati misimu haitabiriki tena. Katika mkoa unaopata kati ya milimita 500 na 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kuanzia Desemba hadi Aprili, hoja hiyo ina uzito mkubwa kwangu.

Mbegu kavu huhifadhiwa kwenye madumu, zikiwa zimechanganywa na majivu ili zisitobolewe na wadudu. Za mgunga, kwa kuwa ganda lake ni gumu, humwagiwa maji yaliyochemka na kuachwa humo hadi kesho yake, kisha zilizovimba ndizo husiwa. Mama aliyenihudumia alichana kiriba kimoja (mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche) cha mbuyu ili nione mzizi: mche wenyewe haukuzidi shibiri, lakini chini ulikuwa na mzizi mnene, mweupe, uliojaa maji kama karoti. Kabla ya kuuzwa, miche hutolewa kivulini na kupunguziwa maji ili ikomae, hivyo mnunuzi asishangae kuiona haikunawiri kama ile ya mjini.

Kilichonigusa zaidi ni uaminifu wao. Mteja mmoja aliyetaka miche ya kujaza shamba zima aliulizwa kwanza kama shambani mwake kuna visiki vinavyochipua. Alipokubali, walimweleza namna ya kuchagua machipukizi machache yenye nguvu na kupogoa mengine, yaani njia iitwayo kisiki hai, wakamuuzia miche michache tu ya kuziba mapengo. Hapo walipoteza mauzo makubwa kwa hiari yao, nami nawaheshimu kwa hilo.

Lawama yangu inahusu mwarobaini. Mbegu yake hupoteza uhai ndani ya wiki chache na hupaswa kusiwa ikiwa mbichi, ila wao waliihifadhi pamoja na nyingine. Matokeo yake uotaji ulikuwa hafifu na miche niliyouziwa ilipishana sana kwa umri. Viriba navyo havina tarehe ya kusia, jambo ambalo kipande cha bati na rangi kidogo vingelimaliza.

Agiza mapema, kwa sababu mibuyu huisha kwanza, na uchukue miche mara ardhi inapolowa vizuri mwezi Desemba, ili mizizi iwe imeshika kabla ya ukame wa Februari. Nenda na kreti zako. Za kwao hazitoshi.