Boksi la kuitia bata mzinga: nimelitumia na mzee wangu hapa Missouri, haya ndo maoni yangu

Wabongo wengi huku Marekani naona wameanza kuingia kwenye uwindaji, na swali la kwanza ni lile lile, ninunue kifaa gani cha kumuitia bata mzinga wa porini. Ngoja niseme langu. Mimi natumia boksi la mbao, lile lenye kifuniko cha mpini, unasugua kifuniko kwenye ukingo wa boksi linatoa sauti ya jike. Kampuni sitaji kwa sababu hakuna aliyenilipa, halafu haya maboksi yanafanana karibu yote, mtindo wenyewe wa zamani sana, kuna jamaa wa Arkansas anaitwa Henry Gibson alisajili la kwake mwaka 1897 na ukiliona la leo huoni tofauti kubwa. La kwangu ni la mwerezi na bei haikufika dola 40.

Kwa nini boksi? Kwa sababu kujifunza ni rahisi, basi. Kile cha sahani ya jiwe na kijiti kinataka mkono uliotulia, na kile cha kuweka mdomoni utakuwa unakikohoa tu mpaka uzoee. Boksi hata mtoto akilishika linatoa kitu. Mzee wangu alilichukua sebuleni akajaribu kidogo tu akawa anatoa kyok kyok kyok safi kabisa, mpaka mama akatutoa nje wote wawili.

Ila kuna jambo ambalo dukani hawakwambii. Boksi linataka mikono miwili na linataka utikisike. Sasa bata mzinga pua yake si kitu, ila macho aisee usicheze nayo, anaona rangi na ukikwaruza sikio tu kashakuona. Ukienda peke yako dume anatokea wewe una boksi mkononi na bunduki iko mapajani, hapo umeshamkosa. Kwa hiyo mimi nasema hiki ni kifaa cha watu wawili, mmoja anaita mwingine anapiga. Ndo tulivyofanya na mzee, yeye na bunduki ya marisau imeegemea goti, mgongo kwenye mwaloni, mimi nyuma yake na boksi langu, wote nguo za mabakabaka mpaka usoni.

Tulikuwa kwenye msitu wa taifa wa Mark Twain huku kusini, milima ya Ozarks, mwezi wa nne. Unaingia giza bado, kwa sababu hawa ndege wanalala juu ya miti na dume anaanza kupiga kelele kabla hajashuka. Kulivyoanza kupambazuka likalia dume moja upande wa bondeni, nikasugua kidogo, likajibu hapo hapo. Mzee akageuza macho tu akanitazama, kichwa hakukitikisa hata kidogo. Likashuka, nikaita, likajibu, nikaita, likajibu, lakini halisogei, linazunguka kule kule. Na hiyo ndo kawaida yake, kwa kawaida jike ndo humfuata dume, sasa wewe unataka kugeuza mambo.

Hapo mzee akaninong'oneza, "Weka chini hilo boksi. Umeshamwambia uko wapi, sasa atakuja mwenyewe kukuuliza mbona hujaenda." Mzee wangu amekulia Kondoa, utotoni kategea kanga mpaka basi, na shule hiyo hainunuliwi. Nikaliweka chini. Kimya, kimya, kupe wananipanda mguuni na siwezi hata kujikuna, halafu nikasikia ule mngurumo wa chini unaousikia kifuani kuliko masikioni, dume akijitutumua. Kikatokea kichwa kwanza nyuma ya gogo, chekundu na cheupe na bluu (ndo maana wanakukataza kuvaa rangi hizo msituni, mwenzako asije akakufyatulia wewe), kisha mkia umetandazwa wote. Mzee alimwacha mpaka kama mita 30, nikamsikia "Bismillah" ya chini chini, halafu mlio.

Akaifungua bunduki akanikabidhi, akaenda na kisu akamkuta bado anapigapiga mabawa akamchinja. Hilo alikuwa ameshanitahadharisha kwenye gari, kwamba bila hivyo nyama hiyo haingii kwake. Kama kilo 9, ndevu za kifuani inchi 10, ile miiba ya nyuma ya miguu karibu inchi moja. Dume la haja.

Kwa wanaotaka kujaribu huku Missouri: wote mnahitaji kibali, na kama umezaliwa 1967 na kuendelea lazima uwe umesoma ile kozi ya usalama wa uwindaji, mzee alisamehewa kwa umri, mimi nilisoma. Kwenye ardhi ya serikali saa saba mchana mwisho, mnafunga. Msimu mzima ni madume wawili kwa mtu, na wiki ya kwanza mmoja tu. Ukipata unaripoti siku hiyo hiyo kabla ya saa nne usiku. Na ukifikiria miaka ya 50 mwanzoni jimbo zima bata mzinga walikuwa wamebaki chini ya 2,500, ikabidi wawakamate na kuwahamisha hamisha msitu kwa msitu, na uwindaji ukafunguliwa tena 1960, huoni shida kufuata masharti.

Turudi kwenye boksi. Mvua ndo adui yake, hata umande, mbao ikinyonya maji linakwama na kukwaruza kama mlango mbovu, kwa hiyo mimi nalibeba ndani ya mfuko wa nailoni. Chaki ni lazima, na iwe ya kavu, zile zenye mafuta zinaliua. Jingine ni kwamba linalia lenyewe begani ukitembea, kila hatua kwi kwi, mpaka ulifunge na mpira wa pesa au uingize kitambaa chini ya kifuniko. Kwa boksi la bei hii walishindwa nini kuweka kamba?

Nyota nne kati ya tano kama mko wawili. Peke yako, mbili na nusu, nenda kanunue kile cha mdomoni ukizoee, mikono ibaki kwenye bunduki.

Nyama kifua ni laini, miguu ingiza presha kuka muda mrefu vinginevyo utatafuna mpaka kesho, na uangalie marisau. Mzee sasa anataka kifaa chake mwenyewe, anasema mwakani anaita yeye mimi nipige. Nimemwambia achague boksi au sahani, cha mdomoni asahau, na meno yale ya bandia atakuja kuyaacha Ozarks.