Misosi ya Bosnia kwa mdomo wa mtu wa Ujiji

Tangu nirudi watu hapa kijiweni Ujiji wananiuliza swali moja tu, ulikuwa unakula nini kule, utadhani nilienda mwezini. Nilienda Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, siku tisa, kazi iliyonipeleka haina stori, ila tumbo ndo lilifanya kazi kuliko mimi, kwahiyo naandika mara moja niachane na maswali, na kama kuna mtu kapata safari ya huko asome kabla hajafungasha dagaa kwenye begi kama nilivyofanya (kilo moja, zimerudi karibu zote).

Majina yasikutishe. Siku ya pili nimekaa na menyu nashangaa, mbona haya maneno nayajua? Kahva ni kahawa. Bamija ni bamia. Sahan ni sahani. Fildžan, kile kikombe kidogo cha kahawa, ndo finjani ya bibi yangu ileile, na hata duka wanaita dućan. Waturuki wa Ottoman waliingia kule 1463 wakakaa zaidi ya miaka 400, wakaacha maneno ya Kiarabu jikoni kwa watu, na huku kwetu maneno hayohayo yalipanda na misafara kutoka pwani mpaka ziwani, tumekuja kukutana kwenye menyu.

Kila mgeni anaanzia kwenye ćevapi, tamka chevapi. Nyama ya kusaga, pale Sarajevo ni ya ng'ombe, inafinyangwa vipande vya saizi ya kidole gumba, haina ngozi ya nje kama soseji, inachomwa kwa mkaa. Unaagiza vitano au kumi, vitano ni vya mtoto. Vinakuja ndani ya mkate wa duara unaitwa somun, umepasuliwa na kupashwa palepale kwenye moto ukanyonya mafuta ya nyama, na pembeni lundo la kitunguu kibichi. Pilipili hamna. Nikaulizia, kijana akaniletea kitu chekundu kinaitwa ajvar, nikasema haya sasa ndo mambo, kumbe ni hoho za kuchoma zilizosagwa, tamu, haiwashi hata kidogo, nilibaki nacheka mwenyewe. Agiza na kajmak, ni kama ule utando wa maziwa yaliyochemshwa, uukusanye siku kadhaa utie chumvi, halafu shushia na mtindi mwepesi wa kunywa kama wenyeji. Banja Luka wao wanaviunganisha vinne vinne kama kibao kimoja, ila huko sikufika. Nyota 5.

Kwenye burek ndo nilijiaibisha. Nilimwomba yule mama wa kaunta burek ya jibini, akaniangalia kama nimeomba chapati ya wali. Burek ni ya nyama tu, basi. Ya jibini inaitwa sirnica, ya spinachi na jibini zeljanica, ya viazi krompiruša, na jina la ukoo la zote ni pita. Nilimwona mtu anatengeneza, unga anauvuta kwa mikono juu ya meza nzima mpaka unaona kitambaa kwa chini, manda ya sambusa haiingii hapo, kisha anatia nyama, anaviringisha iwe kama kamba na kuizungusha kwenye sinia. Zile nzuri zinaokwa chini ya sač, mfuniko mkubwa wa chuma unaopaliwa makaa juu yake, yaani mkaa juu mkaa chini, vilevile mama zetu wanavyooka keki kwenye sufuria. Wanakupimia kwa mizani kama nyama ya bucha. Mi kura yangu ni ya viazi, na chukua tishu za kutosha maana mafuta yapo.

Ukichoka nyama na unga tafuta aščinica, hao ndo mama ntilie wao, masufuria yamepangwa mbele yako unanyooshea kidole unachotaka. Hapo nilipata Begova čorba, supu ya kuku na bamia, bamia zenyewe vidogo kama ncha ya kidole, wanazikausha zikiwa zimetungwa kwenye uzi kama shanga. Nilisubiri ivute kama mlenda, haikuvuta. Vitunguu vilivyojazwa nyama navyo vizuri. Tufahija ni tufaha limechemshwa kwenye sukari likajazwa jozi na krimu juu, sijamaliza, sukari ilinizidi.

Kuhusu halali, Sarajevo kwenye mji mkongwe pale Baščaršija haisumbui, sehemu nyingi za chevapi hata pombe hawauzi, ila nchi ina Waorthodoksi na Wakatoliki wengi na nguruwe ipo, uliza. Rakija ni gongo ya matunda, ya plamu ndo maarufu, mi sikuonja. Boza nilikunywa glasi mbili, ya unga wa mahindi uliochachuliwa, ni togwa kabisa jamani, hata ule uchachu wa mwisho kooni.

Malalamiko ninayo. Mgahawa mmoja wa mtaa wa watalii, siutaji, waliniletea mkate na kisahani cha jibini sijaagiza, nikala nikijua ni ukarimu, nikavikuta kwenye bili. Pesa yao ni marka, imefungwa kwenye euro, euro moja ni marka 1.95583, kwahiyo gawa bei kwa mbili kichwani upate euro kabla hujakubali kitu.

Nilipitishwa pia kwenye sanamu ya kopo la nyama ya ng'ombe, kopo kubwa kweli, limewekwa 2007. Wakati mji umezingirwa, 1992 mpaka 1996, msaada uliokuja ulikuwa na makopo ambayo watu hawakuyapenda, vita ilipoisha wakaijengea jumuiya ya kimataifa mnara wa shukrani, shukrani ya kejeli. Mtu wa Kigoma aliyewahi kusikia watu wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wakiusimulia mgao hahitaji kutafsiriwa pale.

Sasa kahawa. Hii ndo ningerudia safari kwa ajili yake. Imesagwa laini kama poda, maji yanachemshwa kwanza, kahawa inatiwa kwenye kibirika cha shaba chenye mpini mrefu, džezva, maji ya moto juu yake, inarudi motoni mpaka povu lipande. Inakuja kwenye sinia dogo la shaba na finjani, glasi ya maji, sukari ya vipande na rahat lokum, kitamutamu laini cha sukari. Sukari huikorogi, unachovya kona ya kipande unang'ata, halafu unapiga funda. Sisi kashata, wao lokum, na hilo rahat ndo raha yetu hii hii. Watu wanakaa saa nzima na finjani moja wakipiga soga, nikasema hawa ni Ujiji watupu, wamekosa bao tu.

Nikanunua džezva kwenye kile kichochoro cha mafundi shaba, Kazandžiluk, nimekuja nayo kijiweni nikawapikia. Mzee wetu wa kahawa akaonja, akakaa kimya, akasema nzuri, ila tangawizi umeiacha uwanja wa ndege? Nilicheka, lakini la pili liliniuma, akaingiza kidole ndani ya kibirika kikatoka na vipande vyeupe. Bati lililopakwa ndani limeanza kubanduka, mara ya tatu tu kuchemsha, shaba inaonekana. Nimenunua pambo nikidhani chombo. Mkienda ulizeni kabisa kama ni ya kupikia, na muichungulie ndani kwenye mwanga.

Nimeiweka kabatini kwanza. Anayemjua fundi wa kupaka bati vyombo vya shaba hapa Kigoma, au hata Tabora nitaipandisha treni, anistue.