Albamu ya The Bodyguard: Sita za Whitney, na Nyongeza

Niseme mapema usije ukanilaumu: ukinunua albamu ya filamu ya The Bodyguard, iliyotoka Novemba 1992, unachonunua ni nyimbo sita za Whitney Houston. Zinazofuata, za waimbaji wengine, ni kama nyongeza ya sokoni, hukuiomba ila umetiliwa tu mfukoni. Hata hivyo nashauri uisikilize yote, kwa sababu sijui albamu nyingine inayoonyesha waziwazi hivi kurudia wimbo wa mtu kunavyoweza kufana, na kunavyoweza kuharibika.

Tuanze na kinara. Dolly Parton alirekodi "I Will Always Love You" mwaka 1973, akimuaga Porter Wagoner, aliyekuwa akifanya naye kazi. Kwake ni wimbo mdogo, wa sauti ya chini, na ubeti wa mwisho hauimbi, anausema. Wimbo wenyewe ulishashika namba moja kwenye chati ya kantri ya Marekani mara mbili, 1974 na 1982, yote kwa sauti ya Dolly. Ungedhani umekwisha kazi.

Kilichouokoa ni kuondoa vitu. Kevin Costner, aliyeigiza na Whitney kwenye filamu hiyo, ndiye aliyesisitiza Whitney aanze bila ala yoyote, na kwa zaidi ya nusu dakika unasikia koo tupu, hata pumzi anayoivuta. Ala zikiingia, zinaingia kwa adabu. Kisha saksafoni ya Kirk Whalum, kisha kimya, kisha pigo moja la dramu, na sauti inapanda toni nzima. Watu hukumbuka ule mlio wa juu; mimi nakwambia ni kile kimya kilichoubeba. Weka hedifoni nzuri uhakikishe. Wiki 14 mfululizo kileleni mwa Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo ya Marekani, na hakuna aliyeshangaa.

"I Have Nothing" na "Run to You" ndizo zilizotungwa kwa ajili ya filamu, ndiyo maana ziliteuliwa kwa Oscar na kinara chenyewe hakikuteuliwa: kilikuwa wimbo wa zamani, kanuni zikakifungia mlango. Kwangu "I Have Nothing" ni mgumu zaidi kuuimba kuliko kinara, na waimbaji wa mashindano wanaouvamia bila kujipima ni mashahidi wangu. "I'm Every Woman" ni wa Chaka Khan, 1978. Whitney hakujaribu kumshinda. Ameongezewa midundo ya kucheza, na mwishoni anamtaja Chaka kwa jina. Hiyo ndiyo heshima. "Queen of the Night" unapiga kelele nyingi bila sababu.

Sasa nyongeza. Lisa Stansfield yupo, anaimba vizuri, husikii tena ukishamaliza. Kenny G na Aaron Neville, ruka. Lakini simama kidogo kwa Curtis Stigers anaporudia "(What's So Funny 'Bout) Peace, Love and Understanding" wa Nick Lowe. Wimbo huu ulitoka 1974 na kundi la Brinsley Schwarz, halafu Elvis Costello akauimba 1978 kwa hasira, kama mtu anayegonga mlango usiku. Stigers ameupiga pasi. Umenyooka, umenukia, hauna maumivu hata chembe.

Ajabu ni kwamba toleo hilo hilo ndilo lililomwingizia Nick Lowe fedha nyingi. Mrabaha hauulizi mnunuzi alifuata wimbo gani: kila nakala ikiuzwa, mtunzi wa kila wimbo uliomo anapata chake, na albamu hii imeuza makumi ya mamilioni duniani. Kwa hiyo mimi nikiuruka wimbo wa Stigers, Lowe hajapungukiwa kitu.

Sauti za Whitney nazipa nyota tano. Nyongeza mbili, tena moja kati ya hizo naitoa kwa ajili ya Joe Cocker, ambaye hata akipewa wimbo wa kawaida huukwaruza hadi ukawa wake.