Kwa tanga hadi Ssese: boti nyota tatu, kisiwa nyota tano

Nilikodi boti ya tanga kutoka Entebbe hadi visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria upande wa Uganda. Boti naipa nyota tatu, kisiwa nakipa tano. Naandika kwa sababu hapa Kampala kila ninayemsimulia ananiuliza swali lilelile: ya nini kukodi boti ya tanga ilhali kuna meli ya Nakiwogo, Entebbe, inayokushusha Lutoboka, kwenye kisiwa kikubwa cha Bugala, siku hiyohiyo kwa nauli ya kawaida? Inategemea unafuata nini. Kama ni ufuo, muziki na nyama choma, panda meli, shukia Bugala, basi. Lakini Ssese ni visiwa 84, na vingi havina hoteli wala gati. Huko ndiko boti ya tanga inakotoa faida yake.

Bei hupangwa kwa boti nzima, si kwa kichwa, kwa hiyo tulikuwa wanne tukachangishana. Mlingoti mmoja, matanga mawili, vitanda vinne chini, jiko dogo la gesi. Nahodha ni mtu mzima aliyekulia ziwani, haongei sana. Yeye peke yake ningempa tano. Matatizo ni ya mwenye boti, ambaye simtaji jina.

Tatizo la kwanza lilikuwa kuchelewa. Tuliambiwa tunatoka alfajiri; boti ililetwa saa tatu. Kwenye ziwa hili hilo si jambo dogo. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, na upepo hutoka bara kwenda ziwani. Jua likipanda mambo hugeuka, upepo unatoka ziwani. Anayeelekea kusini kutoka Entebbe akiondoka alfajiri anasukumwa; akichelewa, upepo anaupokea usoni. Mimi ni mtu wa Pwani na kupiga bisho, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, hakunitishi, ila wenzangu wawili walitapika hata kabla hatujaivuka ikweta, na ikweta haiko mbali na Entebbe. Alasiri nahodha alitazama wingu upande wa mashariki, akapunguza tanga, akasema leo hatufiki. Tukatia nanga nyuma ya kisiwa kimoja njiani. Usiku ule radi ilipiga mpaka karibu na mapambazuko, kama ilivyo kawaida ya ziwa hili, na godoro langu lililowa kwa sababu kifuniko cha juu hakifungi vizuri. Nyota moja ilikwendea hapo.

Asubuhi tukaondoka na upepo wa bara, laini, injini imezimwa, tukaingia kwenye mwalo mmoja mdogo, yaani ufuo wa wavuvi, upande wa kisiwa cha Bukasa. Wakati huo nilikuwa sijajua kwamba ule ukimya ulitusaidia. Mwaka 2017 jeshi lilianza doria ziwani dhidi ya uvuvi haramu, na kwenye mialo mlio wa injini kubwa isiyojulikana humfanya kila mtu asimame atazame. Sisi tulionekana kwa mbali, tanga jeupe linakuja polepole, na tulipofika ufukweni vijana walikwisha kusogeza mtumbwi mmoja ili tupate nafasi. Mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, akatupokea, akaandika majina yetu kwenye daftari, akauliza tunalala siku ngapi na kama tuna dawa za malaria. Basi, tukawa wageni wake.

Bahati nyingine ilikuwa mwezi. Dagaa, ambao Uganda ni mukene, huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti kitu. Tulifika mwezi ukiwa mpevu, kwa hiyo mitumbwi ya mukene ilikuwa imepandishwa mchangani na watu wana nafasi: wanashona nyavu, wanacheza mweso, aina ya bao, wanabishana mpira. Ungefika wakati wa giza ungekuta mchana wamelala na kina mama wana kazi ya kuanika. Mwulize nahodha kalenda ya mwezi kabla ya kuchagua tarehe.

Wavuvi wa sangara wao walikuwa kazini. Nilikaa karibu na kijana mmoja akipasua samaki kwenye ubao. Samaki mwenyewe alitupwa kwenye beseni bila sherehe. Bondo, yaani kifuko cha hewa cha tumboni mwa samaki, alilitoa kwa vidole viwili, akalisuuza, akalifuta damu, akalitandaza kama leso ya harusi. Mnunuzi alikuja na mzani mdogo, akapima bondo, akaliinua juani kulichungulia, akapima tena. Bei ya samaki mzima hata hakuiuliza. Mabondo yanakwenda mpaka China, ndiyo maana.

Kiswahili? Hutapata shida. Luganda ndiyo ya nyumbani, ila wavuvi wametoka Tanzania, Kenya, Kongo, Rwanda, kila mahali. Isitoshe, mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wengi mno kandokando ya ziwa, serikali ya kikoloni ikawahamisha wakazi wa Ssese, na watu wakarudi baadaye sana. Labda ndiyo sababu mgeni hakodolewi macho. Mama mwenye kibanda cha chakula alinisikiliza kidogo, akacheka: "Mwanangu, wewe ni wa bahari. Kiswahili chako kina chumvi." Sato wake wa kukaanga na ugali ndicho chakula bora nilichokula safari nzima, na mchuzi wa pili hakutoza.

Ya kuangalia: kichocho kipo, kwa hiyo usioge wala kuchezea maji ya kando penye majani. Jioni nyingine wadudu wa ziwani hupaa kwa wingi mpaka huwezi kufungua mdomo. Picha, omba kwanza, hasa kwenye nyavu. Beba noti ndogondogo.

Nyota ya pili boti iliipoteza kwa majaketi ya kujiokolea. Yalikuwa chini ya masufuria, na yalitolewa pale tu nilipoyauliza, moja limekatika mkanda. Kwenye ziwa la dhoruba za usiku, huo si mzaha. Nimemwandikia mwenye boti, amejibu kwamba ataleta mapya. Kabla hujamtumia malipo ya awali, mwambie akuoneshe majaketi yote yamepangwa juu ya sitaha, uyahesabu mwenyewe.