Flaiwili Nyepesi kwenye Gari la Kila Siku: Uzoefu Wangu na Impreza Hapa Mombasa

Gari langu ni Subaru Impreza ya turbo, injini EJ20, gia tano za mkono. Ndilo la kazini, la sokoni na la msibani. Klachi ilipoisha na giaboksi ikawa lazima ishushwe, nikaona heri flaiwili nayo, lile gurudumu zito nyuma ya injini ambalo klachi hulishika, niibadilishe papo hapo, maana pesa nyingi huishia kwenye kushusha na kupandisha. Ya zamani tuliiweka kwenye mizani: karibu kilo 9. Mpya, ya kromoli (chuma kigumu kilichochanganywa kromiamu na molibdeni), kilo 5 na ushei. Za alumini ni nyepesi zaidi, lakini alumini haistahimili msuguano wa klachi, kwa hiyo huwekewa bamba la chuma usoni. Sikuzitaka.

Anayekwambia flaiwili nyepesi inaongeza nguvu za farasi anakuuzia maneno. Nguvu ni zile zile. Kilichopungua ni uzito ambao injini inapaswa kuuzungusha kila mizunguko yake (RPM) inapopanda. Ndiyo maana utamu wake uko gia ya kwanza na ya pili, mizunguko inapobadilika haraka. Gia ya nne na ya tano mimi sihisi tofauti yoyote. Mafuta nayo yanakwenda kama zamani.

Ninapoifurahia hasa ni kushusha gia. Ukiteremka Mazeras kurudi mjini, malori mbele na nyuma, unagusa mafuta kidogo tu, mizunguko inaruka, gia ya tatu inaingia bila gari kushtuka. Kwa hilo peke yake sijutii hata shilingi.

Sasa njoo Likoni. Foleni ya feri inasogea hatua mbili, inasimama. Flaiwili nzito ilikuwa inanibebea uvivu wa mguu: ukiachia klachi vibaya, uzito wake unaisukuma injini isizime. Hii haina msamaha huo. Maji yakipwa, mlima wa kutokea kwenye feri unarefuka, na hapo lazima uongeze mafuta kabla ya kuachia klachi, handibreki mkononi. Mguu umezoea sasa, ila mke wangu alipoliendesha mara ya kwanza aliniuliza fundi kaharibu nini.

Na joto letu hili, AC haizimwi. Kompresa ikishika gari likiwa limesimama, mshale wa mizunguko unadondoka kisha unapanda. Fundi alipandisha mizunguko ya kusimama kidogo, ikatulia. Giaboksi nayo inakereza meno gari likiwa nyutro. Ukikanyaga klachi, kelele inakatika. Hiyo ni kwa sahani ya klachi yenye springi za kupunguza mshtuko. Isiyo na springi ingepiga kelele zaidi.

Msipeleke flaiwili ya chuma cha kusubu ikakerezwe iwe nyembamba ili kuokoa pesa. Ikipasuka kwenye mizunguko mikubwa, vipande vyake havina mbali pa kwenda zaidi ya miguu yako. Na kama una pikapu ya dizeli yenye flaiwili ya vipande viwili, iache: springi zilizo ndani ndizo zinazomeza mtikisiko wa injini.

Yangu haitoki. Lakini anayevuka feri asubuhi na jioni, na gari anagawana na mtu mwingine, ningemwambia anunue klachi nzuri, flaiwili ya zamani isafishwe uso tu, irudishwe.