Tahadhari: Seti za Spika za Ubao Wazi Zenye Krosova Isiyochuja Kitu

Ndugu wapenzi wa muziki na mafundi wenzangu, jihadharini na muuzaji wa maeneo ya Kariakoo, Dar es Salaam, anayetangaza mtandaoni seti za kutengenezea spika za ubao wazi, yaani zile zisizo na boksi nyuma. Wateja waliouziwa wameniletea mali yake niikague, na niliyoyakuta ndani yamenisikitisha sana, kwa kuwa wengi wao walijinyima ili wanunue.

Wufa, yaani spika kubwa ya besi, ya inchi 12 imebandikwa lebo ya omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) na wati 1000. Mita inasoma omu 3.2, na lebo ikibanduliwa yanaonekana maandishi ya sabufa ya gari ya omu 4. Wufa halali ya omu 8 kwa kawaida husoma kati ya 5.5 na 7, hivyo amplifaya isiyomudu omu 4 itachemka, na huenda ikaungua. Isitoshe, kwenye ubao wazi sauti itokayo nyuma ya koni, ile sehemu ya spika inayotikisika, huzunguka ukingo na kuifuta ile ya mbele kadiri masafa ya sauti yanavyoshuka kuelekea besi, kwa hiyo koni hulazimika kwenda mbali zaidi, tena bila hewa ya boksi ya kuizuia. Ndiyo sababu kazi hii huhitaji wufa yenye kipimo cha Qts (kinachoonyesha jinsi mtikisiko wa koni unavyodhibitiwa; kikiwa kikubwa, udhibiti ni mdogo) cha 0.7 hivi au zaidi, ilhali sabufa nyingi za gari, zilizobuniwa kukaa ndani ya boksi, ziko chini ya hapo na besi yake hupwaya.

Krosova yenyewe, yaani bodi ya kugawa sauti nzito ziende kwenye wufa na nyembamba ziende kwenye twita (spika ndogo), ni udanganyifu mtupu. Juu ya bodi ipo koili nene ya kuvutia, lakini imeshikizwa kwa gundi tu na ncha zake hazikulehemiwa popote. Ukiigeuza utaona njia ya wufa inatoka moja kwa moja kwenye waya za amplifaya, na twita imepewa kapasita moja ya maikrofaradi 2.2. Lebo inasema twita inaanzia hezi 3000. Kwa twita ya omu 8, kapasita hiyo inaanzia karibu hezi 9000, na kwa 3000 ingehitajika takriban 6.6. Pengo lote hilo linaachiwa wufa ya inchi 12, ndiyo maana sauti za waimbaji zinakwaruza.

Kabla ya kulipa, dai karatasi ya vipimo yenye Qts, pima omu palepale dukani, vua mpira unaofunika sumaku uone ukubwa wake halisi, na ufuatilie kila ncha ya koili hadi mahali ilipolehemiwa. Muuzaji huyu hukataa bodi isigeuzwe na husisitiza atumiwe fedha kwanza. Akifanya hivyo, ondoka. Waliokwisha kuuziwa watunze risiti, ujumbe wa simu na lebo zilizobanduliwa, kisha wapeleke malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo hushughulikia bidhaa bandia.