Biro ya kuandaa dosye za uchunguzi, Lubumbashi: skani safi, ushauri wa hatari

Kwa kazi ya mikono, biro hii ya katikati ya mji inastahili sifa. Kila ukurasa unapigwa namba kabla ya kuskaniwa, na daftari linaonyesha karatasi ipi ilitoka, lini, kwa nani. Kampuni ya shaba au kobalti ambayo kampuni mama yake iko kwenye soko la hisa la New York italihitaji sana daftari hilo siku wanahisa watakapoishtaki huko Marekani na kudai kila kilichopelekwa kwa leta (serikali).

Ila paketi yao ya "uchunguzi" tunaikataa. Wanachukua ripoti ya wakili na kumbukumbu za mahojiano ya wafanyakazi, wanaweka mkataba wa usiri juu, wanazipeleka kwa mamlaka, kisha wanamhakikishia mteja kwamba siri yake na wakili bado inalindwa. Si kweli. Qwest, kampuni ya simu ya Marekani, ilikuwa na mikataba ya namna hiyo, tena ya maandishi, ilipoipa Idara ya Sheria ya Marekani na SEC (msimamizi wa masoko ya hisa huko) kurasa 220,000 hivi. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa 10 (mzunguko ni eneo la mahakama za shirikisho la Marekani) iliamua kinga ya siri hiyo imepotea: ukimwonyesha mmoja kwa hiari, huwezi kumficha mwingine. Mzunguko wa 3 ulikuwa umesema hivyo 1991, wa 9 ukafuata 2012. Wa 8 peke yake, tangu miaka ya 1970, ndio ulimlinda mteja. Kanuni ya 502 ya ushahidi ya Marekani, ya mwaka 2008, nayo iko wazi: makubaliano ya pande mbili hayamfungi mtu wa tatu, mpaka yaingizwe kwenye amri ya mahakama.

Kifungu cha 73 cha sheria ya jinai ya Kongo kinamwadhibu wakili anayetoa siri. Hakirudishi karatasi ambayo mteja ameitoa mwenyewe.

Kwa hiyo waagize sanduku mbili. La kwanza: fakturi, mikataba, taarifa za benki, hizo hazikuwa na kinga tangu mwanzo, zipeleke. La pili: maoni na kumbukumbu za wakili, zisitoke, wala zisisomwe kwa mdomo mbele ya wachunguzi. Wakija na hati ya upekuzi, pingamizi liandikwe ndani ya PV (kumbukumbu rasmi ya upekuzi) kabla ya kuweka saini, maana kunyang'anywa si sawa na kutoa.

Kagua pia sehemu walizoziba kwa rangi nyeusi. Chagua ule mstari mweusi kwenye PDF, nakili, bandika kwenye ukurasa mtupu. Maneno yakitokea, warudishie faili siku hiyohiyo.